Kondo Yenye Uzi wa Buluu

Mlionisoma juma lililopita mnakumbuka mahali niliposimama: nje ya maternité, nyumba ya kuzalishia, jua la asubuhi usoni, na mama mmoja mzee ananinyooshea beseni lililofunikwa kwa jani. Alikuwa ameulizia "yule Muislamu anayezalisha". Muislamu pale alikuwa mmoja tu, mimi Safi.

Kwa yule anayeanza leo, niseme kidogo. Ulikuwa mwaka 1957, mji wetu ukiitwa Stanleyville kwenye barua na Kisangani mdomoni. Nilikuwa msaidizi wa kuzalisha katika hospitali ya watu weusi, chini ya mtawa mzungu, Masœur Godelieve. Uchumba wangu na Waziri ulikuwa umekwisha kufa, kwa sababu mama yake hakutaka mkamwana anayefanya kazi chini ya msalaba. Baba yangu alinisalimia kwa kichwa tu. Kilichobaki ni kazi, na sasa kazi nayo ilikuwa imenijia na beseni.

Yule mzee alikuwa mama ya Alphonse, karani wa mtaa wa Mangobo. Mke wa Alphonse, Florentine, alizaa mtoto mwanaume kwetu asubuhi ya jana yake, baada ya kuzika wavulana wawili miaka iliyotangulia.

"Funua," akaniambia.

Nilifunua. Chini ya jani ilikuwa kondo, ile nyumba ya mtoto inayotoka nyuma yake, imeoshwa vizuri kama samaki anayekwenda chunguni. Mwisho wa kitovu ulikuwa umefungwa na uzi wa buluu.

"Mutoto wetu iko na uzi mweupe kwa kitovu," akasema polepole, kama anamweleza mgonjwa. "Hii iko na buluu. Alors, mademoiselle, hii ni nyumba ya nani? Na mutoto mwenye analala na bibi ya mwana wangu, yeye ametoka nyumba gani?"

Mtu asiyezalisha hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kitovu tunakifunga mahali pawili, tunakata katikati. Fundo moja linabaki kwa mtoto, lingine linaondoka na kondo. Uzi wa mtoto na uzi wa kondo yake zinatoka kwenye kidonge kimoja cha uzi.

Na katika ukoo wa mama yule, watu wa kule Opala, kondo haizikwi ikiwa imefungwa. Mama ya baba anafungua jani lake, anaiosha kwa mikono yake, anaitazama pande zote, ndipo anaiweka chini ya mgomba. Wengine wote waliokuwa wakipokea kondo kwetu walizika na jani lake. Huyu alitazama.

* * *

Lazima niwaeleze dirisha pia, la sivyo hamtajua kwa nini beseni lile lilikuwa hatari kwetu.

Sheria ya Masœur Godelieve ilikuwa fupi. Kondo inaingia ndooni, ndoo inafunikwa, inakwenda tanuruni nyuma ya nyumba ya kufulia, inachomwa. Yeye aliona uchafu na magonjwa. Wanawake wa cité, mitaa ya watu weusi, waliona nyumba za watoto wao zikiteketezwa, wakajiuliza majivu yale wazungu wanayatengenezea dawa gani. Basi hawakuja. Walizalia jikoni, na wengine hawakutoka jikoni wakiwa hai. Shangazi yangu ni mmoja wao.

Aliyetafuta njia ni yaya Agathe, yaani dada mkubwa kwetu, mkubwa wangu wa kazi, mwanamke wa Bengamisa mwenye mikono mipana na sauti ya kanisani. Kondo aliifunga katika jani lile la kufungia chikwangue, mkate wa muhogo, akaipitisha kwenye dirisha la nyumba ya kufulia. Nje bibi ya mtoto alikuwa akisubiri na kikapu chenye majani ya sombe juu. Tanuruni kulikwenda vitambaa vya damu tu. Masœur hakuwahi kufunua ndoo.

Mwaka ule vitanda vyetu vilijaa mpaka wengine wakalala kwenye mikeka, na Masœur akamshukuru Mungu kwa ajili ya maendeleo.

Agathe alinifundisha dirisha kama alivyonifundisha kusikiliza moyo wa mtoto na ile tarumbeta ya mbao. Sikuuliza kama ni haki au si haki. Niliona wanawake wanarudi nyumbani na miguu yao, basi.

Na uzi wa buluu? Huo ulipitia mkononi mwangu.

Asubuhi ya jana yake walifika wawili karibu kwa pamoja. Florentine alilala kitanda cha ukutani, akashikwa na Agathe. Kitanda cha mlangoni alilala Aziza, mke wa fundi Feruzi, mshonaji wa mtaa wetu wa Waislamu, nikamshika mimi. Katikati kulikuwa na pazia zito la kaki. Aziza alinivuta mkono akaniomba nimfunge mtoto wake na uzi wa baba yake. Alikuwa ameuleta ndani ya pindo la kitenge, buluu ya kushonea makoti. Mtoto wake wa kwanza alifungwa na uzi wa hospitali, hakuishi. Nikaona hakuna ubaya. Niliuchemsha pamoja na mikasi.

Kwa hiyo mbele ya beseni lile jibu lilikuwa jepesi. Nilimwambia mama ya Alphonse kwamba majani mawili yalichanganyika dirishani. Yeye alipewa ya Aziza, na mama ya Feruzi alipewa ya Florentine. Watoto wako mahali pao.

Akalifunika tena beseni lake.

"Kama mulikosa hii, mulikosa na nini ingine?"

Nilishika ukingo wa beseni nimpokee, akalivuta kwake.

"Mi sitaenda kwa masœur," akaendelea. "Atachukua kondo achome. Nitakaa hapa. Lakini mpaka nijue, mutoto ya batu hatakunywa maziwa ya nyumba yangu."

* * *

Ndani nilimkuta Florentine ameelekea ukuta. Mtoto alikuwa nyuma ya mgongo wake, analia. Blauzi yake ilikuwa na duara mbili za maji kifuani. Kila mtoto alipopandisha sauti, duara zile zilipanuka, na yeye akazidi kuusogelea ukuta.

Nilimwambia amnyonyeshe, maneno mengine yatafuata. Alijibu bila kugeuka kwamba mama mukwe wake alikuja jana mangaribi, akafungua mkanda wa mtoto, akasema na Alphonse, na Alphonse hakumpinga. Halafu akasema kitu kilichonibakia mpaka leo: kwamba alizika wawili wa kwake mwenyewe, na hana nguvu ya kumpenda wa tatu ambaye kesho watakuja kumchukua.

Masœur alikuwa ameambiwa tu kwamba titi linauma. Aliagiza maziwa ya kopo kwa kijiko. Mtoto aliyameza, akayatoa yote kwenye bega langu.

Nilikwenda kumtafuta Agathe. Alikuwa kwenye nyumba ya kufulia, anakamua mashuka, dirisha letu liko juu ya kichwa chake. Nilimweleza kila kitu: beseni, uzi, mtoto asiyenyonyeshwa. Nilimwambia tukaseme kwa Masœur.

"Ukisema, kesho wataziba hii dirisha na matofali," akajibu. "Bamama watarudi kuzalia kwa jiko. Hesabu wenye watakufa, Safi. Anza na shangazi yako."

"Na huyu mwenye analia?"

"Florentine atamunyonyesha. Hakuna mama anasikia ile sauti na anaacha."

"Anaisikia tangu jana mangaribi, yaya."

Akaendelea kukamua. Maji yalitoka kwenye shuka, kisha yakaacha kutoka, na bado alikuwa anakamua.

Nilitoka pale na kitu kidogo kinanikwaruza. Nilikuwa nimemwambia kwamba kondo ya Aziza imekwenda Mangobo. Mimi ningeshtuka. Ningeuliza: imekuwaje? Agathe hakuuliza imekuwaje.

* * *

Papa Hilaire, mkubwa wa wauguzi wanaume, alikuwa amekaa kwenye baraza anamenya chungwa kwa kisu kile cha kukatia plasta. Alivaa kravate shingoni hata siku ya kupasua majipu, na wagonjwa walimwita Papa Kravate bila kumficha. Alijua habari za dirisha. Mke wake mwenyewe alipitishia pale.

Nilimuuliza angefanya nini.

"Ma fille, mbele ya muzungu kuna maneno mbili tu. Oui ma sœur, na siyue." Ndiyo, na sijui.

"Na haki ya mugonjwa, papa?"

"Mugonjwa atapona ao atakufa, atatoka. Wewe unabakia." Akatupa ganda la chungwa. "Mi nimeona vijana wengi wenye kusema kweli hapa. Wanalima sasa."

Nilikuwa nimeinuka niende zangu aliposema, kama mtu anayekumbuka kitu cha sokoni:

"Lakini mi naulizaka kitu moja. Batoto, nani alibaogesha?"

Nikakaa tena.

Nilijaribu kuipanga asubuhi ile kichwani kama unavyopanga vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mtoto wa Aziza alilia mara tu alipotoka, sauti ya kufungua mlango. Nilimfunga na uzi wa buluu, nikakata. Nyuma ya pazia mtoto wa Florentine naye alikuwa ametoka, lakini kule kulikuwa kimya. Nilisikia Agathe akimpiga makofi ya mgongo. Kimya. Tena makofi. Florentine aliuliza kwa sauti ndogo, "Analia? Mbona halie?" Nikasikia miguu ya Agathe ikikimbilia chumba cha kuogeshea.

Kisha Aziza akaanza kutoka damu nyingi. Niliweka ngumi zangu mbili tumboni mwake nikabonyeza. Agathe alirudi, akamtazama Aziza, akaniambia niendelee kubonyeza, yeye atamwogesha na huyu. Akamchukua mtoto wa uzi wa buluu.

Alirudi na wawili, mmoja kila mkono, wamevikwa nguo zilezile za hospitali na mkanda wa tumbo tayari umefungwa. Mmoja alikuwa analia kwa nguvu. Mwingine alikuwa amefumba macho, anapumua.

Aliyelia alimpa Florentine.

Mimi nilikuwa bado nimebonyeza. Nilifurahi tu kwamba wa Florentine naye amepata sauti.

"Ni yeye alibaogesha," nikamwambia Papa Hilaire. "Wote wawili."

Alinipa kipande cha chungwa. Agathe na Florentine, akasema, si wanaimba chorale moja? Si Agathe ndiye aliyeshika mkono wake kaburini, mara zote mbili? Na alipoona uso wangu akaongeza kwamba yeye hajasema kitu. Yeye ameuliza tu.

Niliwaza mambo mabaya njia yote kurudi ndani, na kila baya nililifukuza. Agathe alinifundisha kazi. Mtoto huchelewa kulia, halafu analia; tuliona hivyo kila juma. Na uzi wa mtoto wa Florentine ni mweupe, mzee ameuona kwa macho yake. Nguo hubadilishwa, mkanda hubadilishwa, lakini nani anafungua kitovu cha mtoto?

* * *

Nilikuwa nimeamua kungoja. Pengine Alphonse atasema neno, pengine mzee atachoka.

Nilimwinua mtoto wa Florentine nimpe maji kwa kijiko. Hakuwa analia tena. Nilimgusa utosi, nao ulikuwa umeingia ndani, kama alama ya kidole kwenye bugali.

Nikamrudisha chini nikaenda moja kwa moja kwa Masœur Godelieve. Alikuwa kwenye kabati la dawa. Nilisema yote bila kuvuta pumzi: uzi, beseni, dirisha, ndoo yenye vitambaa. Nilisema "sisi". Aliniuliza sisi nani. Nikajaribu kunyamaza, nikaona ule utosi, nikamtaja Agathe.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kila neno limepigwa pasi.

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya mimi kuanza kazi, Masœur."

Alivua miwani. Bila miwani alikuwa msichana tu, pengine hakunizidi umri.

"Na mimi nilimshukuru Mungu," akasema.

Nilingoja anifukuze. Badala yake aliuliza kama mtoto wa Aziza bado ana uzi wa buluu. Nikasema ndiyo, nilimfunga mwenyewe. Aliniambia sheria ataishughulikia kesho, leo mtoto anyonye. Tutawakutanisha wote, tutafungua mkanda wa yule mwingine, watauona uzi wa buluu, watajua kila mtoto yuko kwa mama yake na kondo tu ndizo zilizopotea njia.

Nilimpenda saa ile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye mtasoma mengine juu yake.

* * *

Walikusanyika kwenye kitanda cha Aziza, kwa kuwa yeye hakuweza bado kusimama. Florentine aliletwa na Agathe, amemshika kiunoni. Mtoto wake nilimbeba mimi. Mama ya Alphonse alikuja na beseni lake, na Alphonse nyuma yake, kofia mkononi. Fundi Feruzi alitoka moja kwa moja kwenye cherehani, utepe wa kupimia bado shingoni.

Aziza hakuwa anajua chochote. Alikuwa ananyonyesha. Alitutazama mmoja mmoja, akacheka kidogo, akauliza ni harusi ya nani.

Masœur alieleza. Feruzi alikasirika, akasema mtoto wa mtu hafunguliwi hivi kwa ajili ya maneno ya bibi wa Mangobo.

"Fundi," mzee akamjibu, "kila siku unapima batu. Leo tuache na sisi tupime."

Hata Alphonse alitabasamu. Aziza akasema, wacha wafungue, yeye anajua uzi wake. Akamtoa mtoto kwenye titi, akamlaza mapajani.

Nilimpa Masœur yule niliyembeba. Nikafungua mkanda wa mtoto wa Aziza, mzunguko wa kwanza, wa pili. Nilikuwa nimeanza kusema, "Muone".

Uzi ulikuwa mweupe.

Niliangalia fundo kana kwamba nikikazia macho litageuka rangi. Aziza alinyoosha kidole akakigusa kitovu cha mwanawe.

"Safi," akasema. "Uzi wangu iko wapi?"

Mama ya Alphonse aliweka beseni chini.

Ndipo Agathe alipozungumza. Sauti yake ya kanisani ilikuwa imeshuka. Alisema ni yeye. Alisema leo hii, baada ya mimi kumweleza mambo ya uzi kule nyumba ya kufulia, aliogopa Masœur atauona uzi wa mtaani kwenye kitovu cha mtoto na kunifukuza mimi. Kwa hiyo alimchukua mtoto wa Aziza kama wa kubadilisha nguo, akamfunga tena na uzi wa hospitali, akaukata wa buluu na kuutupa tanuruni.

"Nilitaka kukuokoa, mudogo wangu," akaniambia.

Nilimwuliza Aziza kama kweli Agathe alimchukua mtoto leo. Aziza akasema ndiyo, alikuja, alimchukua kidogo, alimrudisha.

Basi ilikuwa inawezekana. Na kama ilikuwa kweli, yaya Agathe alikuwa ameteketeza kwa ajili yangu ushahidi pekee tuliokuwa nao.

Mama ya Alphonse alicheka puani. "Mutu mwenye kushikwa atasema nini ingine?"

Masœur, mtoto wa Florentine mikononi mwake, alikuwa anamtazama Agathe, naye mtoto alianza kufungua na kufunga mdomo bila sauti. Wote tuliona. Alphonse alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukuta.

Florentine akajitoa kwenye mkono wa Agathe. Alikuja kwangu, hatua za mtu aliyezaa jana, akanishika mabega.

"Safi. Agathe ni rafiki yangu, atasema chochote juu yangu. Masœur hakuwa pale. Wewe hauko wa nyumba yetu, hauko wa kanisa yetu. Sema neno moja, nitaliamini. Uliona Agathe anafunga mutoto yangu, anamuogesha, ananirudishia huyu huyu?"

Sikuwa nimeona. Kulikuwa na pazia. Nilikuwa nimesikia makofi, na kimya, na miguu inayokimbia.

Niliwaza Masœur, aliyenifundisha kwamba uongo mbele ya kitanda cha mgonjwa ni sumu. Niliwaza Papa Hilaire, angesema siyue, na siyue ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Nikisema siyue, Florentine atageukia ukuta. Kweli yangu ingekuwa safi kabisa, na mtoto angekufa pembeni yake.

"Niliona," nikasema.

"Apa."

Nikaapa.

Florentine akanyoosha mikono kwa Masœur, akampokea mtoto, akakaa palepale sakafuni. Mara ya kwanza mtoto alilitema titi. Mara ya pili alilishika, na tukasikia akimeza. Mama ya Alphonse alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Alimwambia Feruzi kwamba atakuja kesho na jembe, wabadilishane kondo. Feruzi akasema aje, mgomba hauna kinyongo, lakini jembe alete lake.

Watu walianza kupumua. Masœur alimwita Agathe amfuate. Agathe alipopita karibu nami aliinama kama anaokota kitu, akasema sikioni mwangu:

"Asante, mudogo."

Nilisimama na neno lile.

Asante ya nini? Kama nilisema kilichotokea, anishukuru kwa nini?

Ndipo kile kitu kilichokuwa kinanikwaruza kikapata umbo. Agathe aliamini kondo kuliko sisi wote. Alihatarisha kazi yake miaka yote ile kwa sababu aliamini mtoto lazima azikiwe kondo yake pale atakapojifunza kutembea. Majani aliyapitisha dirishani siku zote hizo, hakuchanganya hata moja. Mtu wa namna hiyo, kama angempeleka mtoto wa Aziza mwenye sauti kwa rafiki yake aliyezika wawili, angeiacha kondo yake nyuma? Angeituma imfuate. Angemfunga mtoto uzi mwingine ili macho yasione, lakini kondo angeituma ilivyo, na uzi wake, kwa sababu alijua hakuna anayefungua jani.

Isipokuwa bibi mmoja wa Opala.

Sikuwa na hakika. Mpaka hapo sikuwa na hakika ya kitu chochote. Nilichokuwa nacho ni kiapo, na kilikuwa kimekwisha kutoka mdomoni.

Nyuma yangu kitanda kililia. Aziza alikuwa amejiinua kwenye kiwiko. Alikuwa anamtazama mtoto aliyeko sakafuni, anavyonyonya kwa nguvu, na macho yake hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yanapima.

"Pazia ilikuwa imefungwa, Safi," akasema kwa sauti ya chini, ya wawili tu. "Mi nilikuwa upande yako."

Mapajani mwake mwanawe alikuwa ameanza kutafuta titi kwa mdomo.

Aziza akafunga blauzi yake, kifungo kimoja kimoja. Akamwinua mtoto yule, akamlaza kwenye shuka kati yetu, mbali na mwili wake, akageukia ukuta.